Kifungu cha Asiyezikana Nasi

Alhamisi, tarehe kumi na mbili Mfungo Saba, katika miezi iliyoutangulia uchaguzi mkuu uliopita, alifariki Bi Nuru, katibu wa chama chetu cha kuzikana cha wanawake wa Mji wa Kale. Wanaume walimpeleka makaburini baada ya swala ya adhuhuri, nasi wanawake tukabaki nyumbani kwake tukisoma. Siku hiyo tulimpoteza yeye, na haukupita muda mrefu tukakipoteza na kifungu alichokiandika. Yeye hakuna wa kumrudisha. Habari za kifungu ndizo nitakazozieleza, kwa kuwa Zainab, aliyeshika bohari baada yangu, ameniomba niandike, na kwa kuwa sasa nina nafasi ya kukaa.

Jina langu ni Mishi. Kwetu ni Kwale, ng'ambo ya kivuko. Niliolewa Tudor, nikafiwa na mume mapema, na Bi Nuru ndiye aliyeniambia kwamba chama kinamtaka mtu wa kutunza vyombo. Shule yangu iliishia darasa la saba. Mshahara sitautaja, haujazi mstari. Vyeo navyo havikuwepo: nilikuwa mtunza bohari siku ya kwanza na nilikuwa mtunza bohari siku ya mwisho.

Bohari ni chumba cha chini cha nyumba ya wakfu, katika kichochoro nyuma ya Ndia Kuu. Kuta zina unyevu wa miaka, na mlango hufunguka kwa bega. Ndani mna masufuria makubwa ya shughuli, masinia, mabirika, majamvi yaliyokunjwa, miko ya mti mirefu kama mtoto wa darasa la tatu, na nyuma kabisa, peke yake, kitanda cha kuoshea maiti. Siku ya kwanza Bi Nuru alinipa sufuria iliyoungua wali wa harusi, akanipa jivu na makumbi ya nazi, akaniambia nisugue mpaka nijione. Nilikuwa ningali nainama pale kizingitini alipopita mama mmoja aliyevaa buibui la kung'aa, akasimama.

"Nuru, huyu ni wa wapi?"

"Wa Kwale."

"Kwao hakuna vyombo, hata aje atunze vyetu?"

"Ada ameshalipa. Akifa tutamzika, tukifa atatuzika. Wataka na jina la babu yake?"

Yule mama akacheka, akaenda zake. Hayo ndiyo maneno ya kwanza niliyoyasikia kuhusu katiba ya chama. Sikujua kama ni katiba. Nilidhani ni ukali wa Bi Nuru tu.

Chama cha kuzikana ni jambo jepesi kulieleza. Kila mwanamke hutoa ada yake ndogo. Mauti yakiingia nyumba yoyote ya mwanachama, chama huja na sanda, udi, karafuu maiti, kitanda, majamvi na masufuria, na watu wa kupika. Nyumba yenye msiba haiwashi moto. Moto huwasha wenzao. Harusini pia vyombo hutoka, lakini harusi husubiri. Maiti hasubiri.

Kazi niliifunzwa na Bi Nuru kwa mkono zaidi kuliko kwa mdomo. Sufuria ikirudi, igonge kwa kifundo cha kidole kabla hujaipokea: nzima huitika, iliyopasuka hulia kama mtu mwenye mafua. Majamvi yatolewe juani asubuhi, yasikae hadi alasiri, yatavunjika. Ndani ya masufuria weka vipande vya makaa, vitakula unyevu. Kitanda cha kuoshea kisafishwe na aliyekitumia, siku ile ile, wala kisirudishwe na mtoto. Na mtu akigonga akisema "tumefiwa," usimuulize lolote. Toa kitanda kwanza.

Hilo la mwisho nililiona likijaribiwa. Alifariki mwanamke aliyekuwa ameacha kulipa ada kwa miaka, tena aliyekuwa na ulimi mkali kwa kila mtu. Baadhi ya wanachama walikuja wakasimama mlangoni mwa bohari, wakaniambia nisitoe kitu. Nikamwendea Bi Nuru. Alikuwa akipepeta mchele, hakuuweka chini ungo.

"Amekufa?" akaniuliza.

"Amekufa."

"Basi deni limekufa naye. Mpelekee kitanda. Hao waliosimama mlangoni waambie waje waoshe, kwa kuwa wana nafasi."

Wakaja wakaosha. Nalieleza hili mapema kwa sababu nanyi mtakapofika kwenye neno "isipokuwa," mnaweza kumwona Bi Nuru mjinga. Hakuwa mjinga. Alikuwa mtu wa kutoa kitanda kwanza.

Siasa ilikuja bohari kupitia masufuria. Kila uchaguzi ulipokaribia, walikuja watu na maneno matamu wakiazima vyombo vya kupikia mikutanoni. Mwenyekiti wa wakati huo hakuona ubaya. Vyombo vikikaa, alisema, hushika kutu. Mara moja masufuria yalirudi yamepigwa rangi ya mafuta, jina la mgombea kubwa ubavuni, na alama yake ya kura. Nilinunua tapentaini na msasa pale kwa Muhindi wa vifaa, nikakwaruza wiki nzima. Haikutoka yote. Yule bwana alianguka kwenye kura, na kwa miaka tuliendelea kupikia hitima za watu ndani ya jina lake.

Baadaye wakaerevuka. Waligundua kwamba chama kina mwanamke katika kila kichochoro, na kwamba neno likitoka kwa mwenyekiti adhuhuri, magharibi limeshafika jikoni mwa kila nyumba. Kwa nini waazime sufuria na kumbe wanaweza kumweka mwenyekiti? Tangu hapo uchaguzi wetu mdogo ukawa mlango wa uchaguzi wao mkubwa. Mwaka mmoja, siku ya kumchagua mwenyekiti, walishuka kwenye matuktuki wanawake kutoka Tudor na Ganjoni ambao hakuna kati yetu aliyewahi kula nao msibani. Ada zao zilikuwa zimelipwa juma lile, kwa pamoja, na mtu asiyetajwa. Wote walivaa leso sare. Mimi nakaa Tudor, nikamuuliza mmoja niliyeijua sura yake, "Dada, wamchagua nani?" Akageuza leso yake kusoma maandishi yaliyochapwa ubavuni.

Nilicheka siku hiyo. Bi Nuru hakucheka.

Katika miezi ile redio ilikuwa ikizungumza sana juu ya pesa za kampeni: kwamba Katiba ya nchi inataka uchaguzi usionunuliwa, kwamba mipaka ya matumizi iwekwe, kwamba wakubwa Bungeni hawaiafiki. Mawakili walibishana, kisha likaja tangazo la sabuni. Bi Nuru alizoea kuja bohari kusikiliza redio yangu, kwa kuwa ya kwake ilikuwa imekatika mkonga wa kunasia mawimbi na hakutaka kuinunulia mwingine.

"Hawatajifunga mikono wenyewe," nikamwambia.

"Hawatajifunga. Lakini wao wana Bunge lao, sisi tuna jamvi letu. La kwao siliwezi. Hili la kwetu nalala juu yake."

Akaandika. Aliandika akafuta, akaandika tena, akinisomea huku nikipanga masinia. Kilipokamilika kilikuwa hivi: anayetaka kiti, cha chama au cha serikali, na anayetumwa naye, asitoe leso, chakula, nauli wala ada ya mtu kwa wanachama; na asiyezikana nasi asichangie chochote katika uchaguzi wetu. Basi. Hakikuwa kirefu kuliko dua ya kula.

Katiba ya chama chetu hubadilishwa mara mbili. Kifungu kipya hupigiwa kura, kikipita huanza kufanya kazi, kisha hupigiwa tena katika mkutano wa mwaka unaofuata. Kisipothibitishwa mara ya pili, kimekufa. Waliotutangulia waliogopa maamuzi ya hasira. Na kura yetu ni ya kuhama: hutandikwa majamvi mawili uani, anayekubali hukaa la ukutani, anayekataa hukaa la mlangoni.

Siku ya kura ya kwanza kila mtu alielekea kukubali, mpaka aliposimama Bi Saada, mkongwe wetu, aliyekuwa haoni vizuri lakini akisikia hata usichosema.

"Nuru, mwanangu. Mtu akija matangani na mitungi ya maji, naye ni mgombea. Tutamwambia rudi na maji yako?"

Matangani hakirudishwi kitu. Sahani iliyoletwa kwenye nyumba ya msiba ukiikataa umemkataa na aliyeileta, na umemkatia marehemu dua. Hilo hatukufunzwa na katiba yoyote, tumezaliwa tumelikuta.

Bi Nuru alifikiri kidogo. Kisha akachukua kalamu, akaongeza maneno mawili mwishoni: isipokuwa msibani.

"Msiba hauna siasa," akasema. Nami nilikubaliana naye. Wote tulikubaliana. Hata Salma, aliyekuwa akijulikana kwamba anautaka uenyekiti na kwamba nyuma yake yuko bwana mmoja wa Kizingo, mtaa wa matajiri, anayetaka kiti cha serikali, alikusanya buibui lake akahamia jamvi la ukutani akitabasamu.

Ule mwaka uliofuata ulikuwa mwaka mzuri wa kazi. Leso hazikuja. Masufuria yalirudi na jina moja tu, la chama. Bi Nuru alianza kukohoa.

Alipofariki, niliifungua bohari kabla jua halijachomoza vizuri, nikatoa kitanda, nikatoa kila sufuria niliyoweza kuiburuta. Nilimwosha mimi pamoja na binti yake Khadija na Bi Saada akituelekeza kwa sauti. Sitaeleza zaidi hapo. Tulipomaliza nikatoka nje kuuchochea moto niliokuwa nimeuwasha.

Nje kulikuwa na hema. Lilikuwa limeshasimama, jeupe, limeziba kichochoro kutoka ukuta huu hadi ule, na chini yake viti vya plastiki vimepangwa. Wapishi wa kukodi, wenye aproni, walikuwa wakishusha masufuria yao yaliyofunikwa, wali umeshapikwa huko walikotoka. Kulikuwa na maboksi ya maji ya chupa. Salma alikuwa amesimama katikati, ametulia, macho mekundu. Nataka nimtendee haki: alikuwa amelia kweli. Bi Nuru alimfunza Kurani.

"Bi Mishi, poleni," akaniambia. "Masufuria yako yapumzike leo. Tumewapunguzia kazi."

"Kazi hii haipunguzwi, mwanangu. Ndiyo tuliyoijia."

"Jamani, mumechoka. Nyote mumechoka."

"Hili hema ni la nani?"

"La msiba."

"Salma."

"Bi Mishi, kwani imeandikwaje? Si 'isipokuwa msibani'? Si yeye mwenyewe aliyeandika?"

Alikuwa amesema kweli. Nikaingia ndani kumwambia Khadija. Alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, viatu vya mamake mapajani mwake. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mama Mishi, wacheni waingie," akasema. "Sina nguvu ya kugombana na wali."

Nikarudi nje, nikamwaga maji kwenye moto wangu. Masufuria yetu yalikaa pembeni mwa kichochoro siku zote za matanga, na wapita njia wakaweka mifuko yao juu yake.

Siku ya hitima alikuja yule bwana wa Kizingo. Alipewa kipaza sauti barazani kwa wanaume akazungumza, nasi ndani twasikia. Akasema Bi Nuru alikuwa mama yake mzazi hasa, aliyemlea kwa nasaha.

"Basi mimi nina kaka nisiyemjua," Khadija akasema taratibu, bila kuinua kichwa. "Mbona hakuja kumpeleka hospitali?"

Tulicheka. Wanawake wazima, katika nyumba ya msiba, tulicheka mpaka tukazibana midomo kwa leso. Na leso zenyewe, baadhi yetu, zilikuwa mpya. Zilikuwa zimegawiwa asubuhi ile mlangoni, nyeusi na nyeupe, na maandishi ya kumwombea marehemu. Jina la bwana halikuwemo. Halikuhitajika kuwemo.

Mkutano wa kuthibitisha ulikuja wiki chache baadaye, ndio huo huo wa kumchagua mwenyekiti. Nilitandika majamvi mwenyewe. Walipoingia niliona zile leso nyeusi na nyeupe ni nyingi kuliko rangi nyingine zote. Hakuna aliyekuwa amevunja sheria. Hazikutolewa kwenye uchaguzi, zilitolewa msibani.

Mtu mmoja alipendekeza tulifute lile neno "isipokuwa" na kifungu kibaki bila mlango. Hapo akasimama Mwanajuma, anayekaa chumba cha kupanga karibu na soko la samaki, mume wake mgonjwa, watoto wengi. Si mtu wa kusema mikutanoni.

"Ule wali wa hitima nilikula," akasema. "Wanangu walikula siku zote za matanga, wakashiba, na wengine nikawafungia. Sasa mwataka kuandika kwamba nilikosa? Kwamba nile msibani kwa masharti?"

"Hakuna aliyesema umekosa, Mwanajuma," nikamwambia.

"Maandishi yatasema."

Akakaa. Nimelifikiria jawabu la kumpa kwa miaka. Pendekezo lile likaachwa, na ilipoitwa kura ya kifungu chenyewe, wanawake waliinuka mmoja mmoja, kila mmoja akionwa na wote, na leso yake mwilini. Jamvi la mlangoni lilijaa hadi likatokeza nje. Kwenye la ukutani tulibaki tumetawanyika, nafasi baina yetu kama meno ya mzee. Kifungu kilikufa pale. Salma akawa mwenyekiti. Bwana wa Kizingo alipata kiti chake pia, na hema tukaachiwa, likitunzwa na watu wake.

Nimewahi kuulizwa na vijana kama nilikasirika. Nilichoka. Hasira humtaka mtu wa kuielekeza kwake, na mimi kila niliyemtazama nilimwona na sababu yake.

Miaka iliyofuata bohari ilikuwa kimya. Watu walizoea kupiga simu waletewe hema na wapishi. Uchaguzi ulipokuwa umeshapita, simu zikawa hazipokelewi haraka, lakini mazoea ni mazoea. Walipokosa hema walinunua chakula hotelini. Makaa yakalowa ndani ya masufuria nikayabadilisha, yakalowa tena. Zainab aliletwa anisaidie, nikamfunza kugonga sufuria ambazo hazikuwa zimekwenda popote.

Kisha akafiwa Salma. Mamake alifariki wakati wa mvua, mwaka usio na kura. Nilisikia likitangazwa msikitini. Salma alipiga simu Kizingo, akaambiwa na msaidizi kwamba mheshimiwa yuko safarini, ametoa pole. Hema lilikuwa limeazimwa bara kwenye sherehe. Alikuja bohari mwenyewe, buibui limelowa mpaka magotini, akasimama mlangoni.

"Zainab," nikasema, "toa kitanda."

Tulipika siku zote za matanga yale chini ya maturubai, moshi machoni. Mwanajuma ndiye aliyekoroga. Mikono yake haina mfano. Siku ya hitima, tukisugua masufuria, Salma alikunja mikono ya nguo akachukua makumbi akaketi nasi. Alisugua muda mrefu pahali pamoja.

"Kile kifungu," akasema mwishowe. "Kipo bado?"

"Kipo kwa Zainab."

"Kirudi mkutanoni. Bila lile neno."

"Bi Nuru alilitia kwa huruma," nikamwambia.

"Najua alilitia kwa nini. Nami najua nilipitisha nini kwenye mlango huo." Akainamia sufuria yake.

Basi tukarudi kulekule tulikokwama. Ukilifuta neno, unamfungia mtu mlango wa matanga. Ukiliacha, msiba unakuwa soko. Tulilizungusha jambo hilo pale kizingitini siku nyingi, mimi na Zainab na Salma, hatukupata njia. Mwanajuma ndiye aliyelikata, siku moja alipopita kuuliza kitu kingine kabisa. Zainab alikuwa akinisomea rasimu kwa sauti, na Mwanajuma akasimama kusikiliza.

"Si alete mtele?" akasema; mchele yeye huuita mtele.

"Nani?"

"Huyo mgombea wenu. Msibani alete mtele, alete nyama, alete hata ng'ombe. Lakini upikwe na sisi, ndani ya masufuria ya chama, pamoja na wa wengine. Ukishaiva nani ajuaye punje ipi ya nani? Mimi nitakula na sina wa kumshukuru ila Mungu na aliyekoroga."

"Na aliyekoroga ni wewe," Zainab akamwambia.

"Ndiyo nasema mnishukuru."

Hivyo ndivyo kilivyoandikwa: msibani hakikataliwi kitu, ila kila kiletwacho na mgombea au mtu wake kiingie bila jina wala picha, na chakula kipikwe katika vyombo vya chama. Mwaka jana kilipigiwa kura ya kwanza. Mwanajuma aliinuka wa mwanzo akahamia jamvi la ukutani, na wengi wakamfuata, si wote. Hema lilirudishwa kwa mwenyewe kwa heshima. Kura ya pili bado. Itakuja na joto la uchaguzi mwingine, na sitaahidi chochote. Nimeshaona jamvi likigeuka.

Nilikabidhi bohari kwa Zainab mwaka huu. Katika juma lile la kukabidhi, kabla sijamaliza kumwonyesha kila kitu, Mwanajuma alifiwa na mume wake.

Tulikuwa uani kwake tunapika maharagwe ya nazi, maana mchele ulikuwa mchache na nyama haikuwepo, na watu walikuwa wengi kuliko tulivyotazamia. Ukaja mkokoteni umebeba magunia ya mchele, kila gunia lina uso wa mtu anayecheka na maneno chini yake. Si bwana wa Kizingo, alikuwa mwingine. Aliyeyaleta alivaa kofia yenye uso uleule.

"Poleni na msiba, akina mama," akasema. "Mzigo wenu huu."

"Ahsante, baba. Mungu akulipe," Zainab akamjibu. "Tumwagie mchele kwenye haya masufuria. Magunia urudi nayo."

"Dada, mimi nimeambiwa nipige picha magunia yakiingia mlangoni."

"Mchele utaingia. Uso hauingii."

"Sasa uso umekosa nini?"

"Haukukosa. Haukufiwa tu."

Watu wakacheka, naye akacheka kidogo, hakuwa mtu mbaya. Akapiga simu, akaeleza, akasikiliza. Punde simu ya Salma ikalia mfukoni mwake. Akaitazama, akaipokea, akasalimu kwa adabu, akasikiliza sana. Nikamtazama. Zainab naye akamtazama.

"Bwana, mimi ni mwenyekiti tu," Salma akasema. "Zungumza na mwenye msiba."

Akaingia ndani, nikamfuata. Mwanajuma alikuwa amekaa kwenye mkeka, ameshavaa nguo za eda. Salma akamweleza kwa maneno machache, akampa simu. Mlango ulikuwa wazi. Kutoka pale alipokaa aliyaona magunia.

"Aleikum salaam," Mwanajuma akasema. "Ahsante, baba... Ndiyo. Mtele twaupokea, kwa mikono miwili. Magunia ndiyo hayaingii." Akasikiliza. "Sikatai. Sikatai, baba, nakwambia karibu." Akasikiliza tena, macho kwenye magunia. "Basi. Haya. Ahsante kwa pole."

Akamrudishia Salma simu.

"Asemaje?" Salma akamuuliza.

"Asema picha ni lazima."

Nje tulisikia aliyeleta magunia akijibu simu, kisha mkokoteni ukigeuzwa, magurudumu yakisaga mawe ya kichochoro mpaka yakakata kona. Mmoja wa watoto wa Mwanajuma alikuwa amesimama mlangoni akiangalia upande ule. Mwanajuma alimwita akamkalisha karibu naye. Kisha akainua sauti imfikie Zainab uani.

"Ongezeni maji kwenye maharagwe," akasema. "Watu bado waja."